Jiko la Mwaka wa Sitini na Tisa

Watu husema uongo zaidi juu ya umri wa jiko kuliko juu ya umri wao wenyewe. Nimefanya kazi ya kutengeneza majiko miaka thelathini, kumi ya mwisho katika kibanda changu nyuma ya soko la Burma, na sijawahi kuletewa jiko la stima, yaani la umeme, ambalo mwenyewe hakuniambia kwamba liliachwa na Mzungu, tena Mzungu mkubwa, tena siku aliyokuwa akipanda ndege. Wazungu wote waliowahi kuishi Nairobi hawangetosha kuacha majiko yote hayo. Mimi huwaacha waseme. Wakimaliza, nalizungusha jiko, nafungua mgongo wake, nalisoma mwenyewe.

Kwa hivyo Naftaly Kabiru alipokuja kunichukua Jumamosi moja ya Februari 1981, akasema kuna jiko huko mtaa wa Jericho linalotakiwa kujulikana mwaka, nilimwuliza kama linauzwa. Akasema haliuzwi. Nikamwuliza kama limeharibika. Akasema hajui, halijawashwa tangu mwenyewe azikwe. Magoti yalikuwa yananiuma, na moshi wa nyama choma ulikuwa umeanza kupanda upande wa mabucha, saa ambayo mtu wa umri wangu hutafuta kiti akatulia. Nilimwambia arudi Jumatatu. Akasema Jumatatu hakutakuwa na haja, maana kuna mama atakuwa ametolewa nyumba yake.

Tukaenda kwa miguu, yeye akieleza, mimi nikibeba mfuko wa vyombo na kujilaumu. Marehemu alikuwa Elijah Okumu, karani wa kanjo, yaani baraza la jiji, aliyekufa Desemba kwa ugonjwa wa sukari. Nyumba ilikuwa ya kanjo, imeandikwa jina lake. Ndani yake alikuwa akiishi na Roseline, mama wa Maragoli, miaka mingi, bila mtoto, bila harusi ya kanisani, na bila ng'ombe hata mmoja kufika kwa baba yake. Ofisi ya nyumba ilikuwa imesema nyumba itabaki kwa mke, lakini iletwe karatasi ambamo marehemu mwenyewe alikiri kuwa ana mke, na watu wa nyumbani kwao watie sahihi. Karatasi ikikosekana, nyumba itakwenda kwa ndugu.

Ndugu alikuwa Caleb Odero, kaka mkubwa wa marehemu. Huyu alikuwa amestaafu reli, na mwisho wa mwezi alitakiwa kurudisha funguo za nyumba ya reli kule Makongeni. Nilipomwona baadaye sikumwona mtu mbaya. Nilimwona mzee mwenzangu, mwenye mke na vyombo na pa kuviweka hana. Alichosema ni kwamba Roseline alikuwa mpangaji tu. Katika nyumba za kanjo ni nani hajawahi kumpangisha mtu chumba?

Karatasi ilikuwepo, moja tu, na alikuwa nayo Naftaly. Yeye na Okumu walikuwa wakifanya kazi meza moja mpaka mwaka 1968, Naftaly alipokwenda kutafuta riziki Mombasa, asirudi hadi 1974. Huko Mombasa alipokea barua ya Okumu ya Juni 1969, na kwa kuwa ni mtu asiyetupa kitu, alikuwa nayo bado. Alinisomea tukiwa tumesimama kando ya barabara. "Ndugu yangu, nimepata jiko. Sasa sili tena hotelini, nala kwangu, na nyumba ina joto. Ukirudi utaliona."

Nikamwambia basi yamekwisha, kila mtu anajua mwanamume akisema amepata jiko maana yake ameoa. Naftaly akatikisa kichwa. Akasema ndivyo alivyofikiri yeye pia. Aliporudi mwaka sabini na nne alimkuta Roseline ndani, akala samaki wake, akaridhika kwamba huyu ndiye jiko la barua. Lakini Odero alipoonyeshwa barua alikwenda moja kwa moja jikoni, akaweka mkono juu ya jiko kubwa la stima la marehemu, akasema jiko lenyewe ni hili.

Tulipofika walikuwa jikoni wanatungoja. Odero ameketi, kofia gotini. Mkewe, Perez, alikuwa kwenye benchi ndogo na mkoba wake mapajani, kama mtu anayesubiri zamu kwa daktari. Roseline alisimama karibu na mlango. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, macho yamevimba, na alinisalimu kwa sauti ndogo. Jiko lilikuwa pembeni, limefunikwa kitambaa cha kushonwa, juu yake glasi na sufuria zilizopangwa vizuri. Kando yake palikuwa na jiko la makaa lenye majivu ya asubuhi. Sikushangaa. Waya za nyumba zile haziwezi kubeba jiko la stima kubwa vile. Ukiwasha sahani mbili pamoja, taa ya jirani inakonyeza.

Odero na Naftaly walianza tena mabishano ambayo nadhani walikuwa nayo wiki nzima. Naftaly alisema Okumu angetaka kusema jiko la stima, angesema kuka, kama watu wote wa Eastlands. Odero akasema mdogo wake hakupenda Kiswahili cha kuokoteza.

"Tena angekuwa mtu, angeandika utamwona," Odero akasema. "Ameandika utaliona. Okumu alijua Kiswahili, hakuwa kama hawa wa 'jiko imefika'."

"Si hata wewe ukioa walisema umepata jiko?" Naftaly akamjibu. "Wakasema hilo jiko ni zuri, wakalisifu. Hiyo ndiyo utani."

"Mimi nilioa kanisani."

Perez alitazama dirishani. Mimi nilikuwa nimechoka kusimama, nikauliza wanataka niwaambie nini hasa. Odero alinieleza polepole, kwa adabu, na alieleza vizuri. Kila mtu aliyeingia nyumba hii alilikuta jiko hapa, na hakuna anayejua lilikuja lini. Majirani wa zamani wamehama. Maneno ya Roseline mwenyewe hayawezi kupokelewa, maana ni kesi yake. Basi, kama jiko hili lingeweza kuwa hapa mwaka sitini na tisa, barua ni ya jiko. Kama halingeweza, barua ni ya mke, na yeye Odero atatia sahihi na kwenda zake. Alisema ameambiwa na watu watatu tofauti kwamba mimi, Ndeti wa Burma, sidanganyi kuhusu jiko.

Niliondoa glasi moja moja. Roseline alizipokea na kuzipanga sakafuni.

Kwa mbele lilikuwa jiko la mwaka hamsini na nne au hamsini na tano, sikuhitaji hata miwani. Rangi yake ya maziwa ilikuwa imechomwa juu ya chuma, na pale ilipobanduka ukingoni ungeona rangi nyeusi ya chini. Baadaye waliacha kupaka mara mbili. Sahani za juu zilikuwa chuma kizima, nzito, zile zinazochukua robo saa kupata moto na robo saa nyingine kupoa. Majiko ya karibuni yana waya mnene uliojiviringisha. Swichi za kuzungusha zilikuwa nyeusi na ngumu, zimeandikwa maneno badala ya namba. Mlango wa oveni ulikuwa na kipimo cha joto kinachosoma hadi mia tano, kile cha zamani cha Waingereza. Vipimo vya siku hizi havifiki hata mia tatu.

Niliyasema hayo kwa sauti, kila kitu nikikigusa. Odero alitikisa kichwa kukubali kila neno, na kila alipotikisa niliona mabega ya Naftaly yakishuka. Nikasema huo ni uso tu, uso haunitoshi, na nikaomba nafasi nilivute. Wakatoka kwenda chumba cha mbele kunywa chai. Roseline akabaki kunishikia tochi.

Nilikuwa nimepiga magoti nikifungua skrubu za mgongo aliponiuliza, karibu na sikio langu, kama jiko haliwezi kuwa la zamani kweli. Nilifikiri hajaelewa. Nikamwambia, "Mama, likiwa la zamani wewe unatoka. Omba liwe jipya." Akasema anaelewa. Kisha akasema ati bado, kama ni la zamani, niseme ni la zamani. Niliudhika kidogo. Nimetembea kutoka Burma na magoti haya kumsaidia mtu, na mtu mwenyewe hajui kilicho kizuri kwake. Nikamwambia ashike tochi sawasawa.

Mgongo ulipotoka nikaona nyaya. Jiko la miaka ya hamsini lina waya mwekundu na mweusi, umevikwa nguo. Hizi zilikuwa za kahawia na buluu, ganda la plastiki, na rangi hizo mimi sikuziona Nairobi kabla ya mwaka sabini. Nilifurahi, nikawaita. Odero alikuja, akainama, akatazama kwa makini. Halafu akasema waya hubadilishwa. Ndugu yake angeweza kununua jiko mwaka sitini na tisa na kulitia waya mpya baadaye. Lilikuwa neno la akili, na mahali pengine ningelisema mimi mwenyewe. Nikamwomba dakika chache, nikalala chini kwa ubavu nitazame chini ya oveni, ambako hakuna anayehangaika kupamba.

Bawaba ya mlango ilikuwa imeshikwa na spoku ya baiskeli iliyokatwa na kupindwa mara mbili. Juu yake, kuziba pengo la upana wa kidole, palikuwa na bati la mkebe wa mafuta ya kupikia, limekunjwa kingo na kufungwa kwa riveti nne. Mlango haukuwa wa jiko hili. Na mbavu za pembeni zilikuwa za jiko la tatu. Hakuna fundi mwingine Nairobi anayepinda spoku vile, kwa sababu ni ujinga, na ujinga huo ni wangu.

Nilipitisha kidole juu ya zile riveti, moja moja, bila kuinuka. Nadhani walifikiri ni mgongo.

Mwaka sabini tajiri wangu wa Kihindi alifunga duka, akahamia Uingereza, na badala ya malipo ya mwisho akaniachia majiko saba yaliyokufa. Nikahamia Burma na mizoga yangu. Mwaka uliofuata binti yangu Kavata alikuwa anaingia Form One, na hakuna aliyekuwa akileta kazi kwa fundi asiyejulikana. Kutokana na yale saba nikaunganisha matatu: uso wa hili, mlango wa lile, mbavu za lile lingine. Nilimpa dalali mmoja aliyeitwa Kinyanjui ayauze. Alipoyaita majiko kamili ya Mzungu, ya mwaka hamsini na nne, hayajawahi kufunguliwa, sikumkataza. Ukweli ni kwamba maneno hayo nilimpa mimi. Nilitengeneza matatu tu, yote mwaka sabini na moja, nikaacha, na sikuacha kwa kumwogopa Mungu. Mabati yaliisha.

Tangu hapo nilijenga jina kwa kusema kweli, hata kwa jiko la mtu nisiyempenda. Jina hilo ndilo lililomleta Naftaly kwangu, na ndilo lililomfanya Odero akubali kungoja neno langu. Nikiwa nimelala pale sakafuni nilijua naweza kusema tu kwamba sijui, kwamba bawaba ilitengenezwa, waya zilibadilishwa, jiko haliamuliki. Hakuna ambaye angenishtaki. Ningekula nyama yangu ya saa nane nikiwa Ndeti yule yule, na Roseline angefunga mizigo Jumatatu. Niliona aibu, si ya jambo la zamani, ni ya jinsi nilivyokuwa nikilipima jambo la sasa. Nikajivuta, nikaketi, nikaegemeza mgongo kwenye ukuta.

"Mzee Odero," nikasema, "jiko hili halikuwepo duniani mwaka sitini na tisa. Nililitengeneza mimi mwaka sabini na moja, kwa vipande vya majiko matatu, nikaliuza kama jiko zima. Nilidanganya. Hiyo spoku ni yangu, na hilo bati ni langu. Njoo utazame."

Hakuja kutazama. Alinitazama mimi. Akaniuliza kama ninajua ninachosema, na mbele ya nani. Nikamwambia najua. Akasema kesho Burma nzima itakuwa imesikia. Nikamwambia Naftaly yupo hapa, watasikia leo. Naftaly alitazama viatu vyake, na sikumlaumu. Perez alikuwa amesimama mlangoni, mkoba kifuani, na machozi yalikuwa yakimtoka kimya kimya. Yeye alikuwa ameshaelewa kwamba hawana nyumba.

Odero aliigeuza kofia yake mara mbili. Akasema mtu huweza kudanganya ili apate, lakini hajawahi kumwona mtu anayejizushia uongo wa kuivunja kazi yake mwenyewe. Akasema wao watakwenda nyumbani, Ugenya, mvua iko karibu, na huko hakuna anayedaiwa funguo. Alisimama kwa shida. Akamgeukia Roseline, ambaye mpaka siku ile alikuwa akimwita 'huyu mama'.

"Basi, shemeji," akasema. "Utanisamehe. Leta hiyo fomu."

Roseline alifunika uso kwa mikono yote miwili. Perez alimshika bega, Naftaly akapenga kamasi kwa sauti, na sisi wote tukafikiri tunajua analia nini. Wakatoka kwenda chumba cha mbele kuijaza fomu ya ofisi ya nyumba. Nilisikia Naftaly akisoma maswali na Odero akijibu taratibu: jina la marehemu, namba ya nyumba, jina la mke, mwaka wa kuoana. Kwa hilo la mwisho walikuwa na barua. Mimi nilibaki kurudisha mgongo wa jiko. Nilijisikia mwepesi, lazima niseme, na mwenye majivuno kidogo. Nilijiambia kwamba kweli iliyochelewa miaka kumi leo imempa mjane nyumba.

Roseline akarudi peke yake. Alisema amekuja kuokota glasi zake. Aliokota moja, akaifuta, akaishika.

"Fundi, ulisema mwaka gani?"

"Sabini na moja."

"Huwezi kuwa umekosea kidogo? Miaka miwili tu?"

Nikamwambia hapana, mama, mwaka ule siwezi kuukosea, na kwa nini bado anauliza jambo ambalo limeshampa haki yake. Aliweka glasi juu ya jiko. Akaongea huku akiitazama.

"Okumu alinileta hapa Pasaka ya mwaka sabini na mbili. Kabla ya hapo hatukujuana. Nilikuwa kwetu Maragoli. Jiko hili nililikuta hapo hapo lilipo."

Nilishika bisibisi nisijue niipeleke wapi. Nikahesabu, ingawa hapakuwa na cha kuhesabu. Barua ilikuwa ya sitini na tisa. Wala haikuwa na jina la mtu. Ni Naftaly aliyeliweka jina, kwa sababu aliporudi alimkuta yeye mezani, na kila walipomwuliza Roseline alikuja lini, Naftaly alikuwa amejibu kabla hajafungua mdomo.

Roseline alisema wiki nzima ameomba jiko la barua liwe hili la stima. Usiku alikuwa akilitazama na kulisihi liwe la zamani, hata kama atatoka na sanduku lake, kwa sababu miaka tisa Okumu alimwambia kwamba kabla yake aliishi peke yake, akila hotelini. Yeye alimwamini. Alimhurumia, hata, kwa miaka yote aliyokula hotelini.

"Sasa najua kulikuwa na mtu," akasema. "Alimpikia, naye Okumu akaandika barua kumsifu. Mimi hajawahi kuniandika popote."

Nilimwambia samahani. Ni neno dogo, na nililisema vibaya, nikiwa bado nimeketi sakafuni. Nikamwambia kama ningejua ningenyamaza. Akanijibu bila hasira kwamba ningenyamaza angekosa nyumba, lakini angekuwa bado na mume.

Kule mbele Odero aliita. Alikuwa ameshatia sahihi yake na alitaka kuwahi Makongeni kabla ya jua kuwa kali zaidi. Aliita kwa upole, kama mtu anayejizoeza neno jipya. "Shemeji. Ni wewe tu umebaki."

Roseline alijifuta uso kwa ncha ya leso, akaitika kwamba anakuja, akaenda kutia sahihi kwamba aliolewa na Elijah Okumu mwaka wa sitini na tisa.